Vipindi Tisa Ulivyosema Umenisainia

"Bibi, jina langu halipo!"

Nilikuwa nimekaa napiga pasi mashati ya watu, mguu nimeunyoosha juu ya kigoda maana nyonga ilikuwa haijapona sawasawa. Mjukuu wangu alikuwa anapiga simu kutoka chuoni, anahema kama mtu aliyekimbizwa.

"Halipo wapi, mchumi wangu?"

"Kwenye orodha ya watakaofanya mtihani Ijumaa! Wamebandika ubaoni asubuhi. Wanasema sina mahudhurio ya kutosha. Uchumi wa biashara, Bibi, somo lenyewe lile!"

Niliisimamisha pasi. Somo lile nalijua kwa kulisikia. Muhula mzima amelisoma kwa sauti pembeni ya meza yangu, mahitaji, ugavi, bei ikipanda wanunuzi wanafanyaje, hadi akisahau neno namkumbusha. Na nilijua kwamba asipolifanya, nafasi yake ya kwenda kusoma mwaka wa pili na wa tatu kwenye kampasi kuu imepotea. Darasa zima walichaguliwa wanne tu.

"Si Kiongozi alikuwa anakusainia?"

"Ndiyo nashangaa!"

Kiongozi ndiye kijana aliyekuwa naye. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa kiongozi wa darasa lao. Yeye ndiye aliyepitisha karatasi ya mahudhurio kila kipindi na kuipeleka ofisini kwa mhadhiri. Nilipopasuliwa nyonga, mjukuu wangu alikosa vipindi tisa akiniuguza, kwanza hospitali, halafu hapa nyumbani. Alipoanza kuwa na wasiwasi wa masomo, mimi mwenyewe nilimwambia: mwache kijana akusainie, mtu wako ni wa kazi gani basi? Hilo nalisema mapema, msije mkadhani nilikuwa pembeni.

Saa nane mchana wakaingia wote wawili. Macho ya mjukuu wangu yamevimba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mke mwenzangu kafanywa nini huko chuoni?"

"Uzembe wa ofisi tu, Bibi. Mhadhiri atakuwa amepoteza karatasi."

"Karatasi ni moja, majina ya darasa zima yamo humo humo," mjukuu wangu akasema. "Ikipotea si tunakosa wote? Mbona nimekosa peke yangu?"

"Labda waliruka mstari wako wakati wa kuingiza kwenye kompyuta."

"Mara tisa?"

Kijana akamshika bega. "Usilie, mpenzi. Utarudia somo mwakani. Mimi nipo hapa hapa, tutasoma pamoja. Bibi naye bado anakuhitaji. Tena mwaka huo tunaweza kufunga ndoa kabisa."

Nisiwadanganye, neno ndoa lilinilainisha. Nilianza hata kufikiria nitavaa nini. Mjukuu wangu hakulainika.

"Kumbe umeshapanga."

"Nimepanga nini?"

"Orodha imebandikwa leo asubuhi. Saa nane mchana tayari una mipango ya mwaka mzima?"

Kijana akacheka, kicheko kikakatika katikati. Hapo ndipo simu ya mjukuu wangu ikalia. Ujumbe ulitoka kwa shoga yake anayekaa naye darasani. Akausoma kwa sauti:

"Shoga, nimezipata. Karatasi zote huwa nazipiga picha, maana na mimi waliwahi kunikosea. Kwenye jina lako pako wazi siku zote tisa. Pole mwaya."

Akaikuza picha, akaiweka simu juu ya meza yangu ya pasi, mbele ya kijana.

"Hii saini ya kwanza ya nani?"

"Yangu."

"Na hapa, kwenye jina langu, pana nini?"

Kijana akageuza uso.

"Soma. Wewe si kiongozi? Tusomee."

"Pako wazi."

Akaichukua simu, akaanza kufukua jumbe za zamani. "Sikia, Bibi. 'Nimekusainia mpenzi, muuguze Bibi kwa amani.' Hii ya wiki ya kwanza. 'Tayari mrembo, siku hizi saini yako naiweza kuliko yangu.' Na kopa jekundu ameweka! Hii nyingine..."

"Basi," kijana akasema. "Inatosha."

"Kwa nini?"

"Siku ya kwanza nilisahau. Kweli kabisa, nilisahau."

"Na nane zilizobaki?"

Akatazama viatu vyake. "Ungeondoka. Miaka miwili kampasi kuu! Nani huwa anarudi akiwa yule yule? Nikaona ukikosa mtihani, utabaki."

"Ule ukiritimba uliofundishwa darasani ukauleta kwangu," mjukuu wangu akasema taratibu. "Mwenye duka anawafungia wenzake njia ili mteja asiwe na pa kwenda. Sikujua mteja ni mimi."

"Nilifanya kwa sababu nakupenda!"

"Na mimi nilikuwa nakushukuru. Kila wiki, nakuandikia asante."

Kijana akapiga magoti pale pale, kati ya kapu la nguo na kiti changu. "Nisikilize. Naweza kurekebisha. Kesho naenda kwa mhadhiri, namwambia ulikuwepo, ulikaa nyuma, karatasi ikakupita kwa makosa yangu. Ananiamini. Ijumaa unafanya mtihani, unakwenda zako kampasi kuu. Ninachokuomba, usiniache."

Mjukuu wangu akanigeukia. "Bibi?"

"Mimi nilishakushauri mara moja, na ona tulipofika. Sema mwenyewe."

Pasi nilikuwa nimeisahau juu ya shati. Nilisikia harufu ya shati likiungua na sikulitazama.

"Nenda kwenu," akamwambia kijana. "Usinisemee uongo mwingine."

Kesho yake, Alhamisi, tukaenda chuoni wawili, mimi na mkongojo wangu, ghorofa ya tatu, napumzika kila kona ya ngazi. Mhadhiri alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ndogo. Ndio watu wa kuogopwa hao.

"Mwalimu, vipindi tisa sikuhudhuria," mjukuu wangu akaanza. "Nilimwomba mtu anisainie. Hakunisainia. Na angenisainia, leo nisingekuwa hapa. Huo ndio ukweli."

Mhadhiri akavua miwani. "Ulikuwa wapi?"

"Namuuguza huyu. Ndiye aliyenilea."

Nikafungua mfuko wangu wa nailoni, nikatoa karatasi zote za hospitali: za kulazwa, za kuruhusiwa, za kliniki. Akazisoma moja moja, analinganisha tarehe.

"Hizi ungeniletea wiki ile ile, ningekupa ruhusa. Anayeuguza mzazi au mlezi anaruhusiwa. Imeandikwa kwenye maelezo ya somo mliyogawiwa siku ya kwanza."

Tukatazamana, mimi na mjukuu wangu. Sharti lile la mahudhurio aliliona kama ukuta, kumbe mlango ulikuwepo. Hatukuutafuta, kwa sababu tulikuwa na mtu wetu.

"Ulimwomba nani?" mhadhiri akauliza.

"Naomba nisimtaje, Mwalimu."

Mlango ukagongwa. Akaingia Kiongozi mwenyewe, faili kwapani, shati limenyooka.

"Mwalimu, nimekuja kuhusu yule mwanafunzi ambaye karatasi..." Akatuona.

"Karatasi imefanya nini?" mhadhiri akauliza.

Uongo ulikuwa tayari, hajaumaliza tu. Akamtazama mjukuu wangu, naye akawa anatazama dirishani.

"Aliyeombwa ni mimi," akasema. "Sikusaini, nikamdanganya kwamba nasaini. Sikutaka afaulu."

"Acha faili mezani. Darasa litatafuta kiongozi mwingine. Adhabu yako utaisikia." Akamgeukia mjukuu wangu. "Wewe utafanya mtihani. Lakini yale majaribio mawili ya darasani uliyokosa siku hizo yanabaki sifuri, kwa sababu ulikusudia kunidanganya. Ili upite, kesho ukosee kidogo sana."

"Ahsante, Mwalimu."

Ijumaa alirudi akilalamikia swali la tatu. Wiki tatu hatukulala vizuri. Majibu yalipotoka alikuwa amepita kwa alama mbili. Alama mbili tu! Nilimwambia zinatosha, haendi kuzipika.

Siku mbili kabla hajasafiri, ujumbe ukaingia: "Hongera. Naomba nije nikuage." Akamjibu aje. Kijana akaja, amekonda, akabaki kizingitini.

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe."

Uso wake ukachangamka. "Basi nakusubiri. Miaka miwili si mingi."

"Usinisubiri. Nimekusamehe, sijarudi."

"Lakini nilisema ukweli mbele ya Mwalimu! Ningeweza kunyamaza."

"Ndiyo maana nimekusamehe." "Ila kila ukiniambia umefanya jambo, nitakwenda kukagua. Sitaki mapenzi ya kukagua. Nenda salama."

Aliondoka polepole, akageuka mara mbili. Mjukuu wangu akasubiri hadi amepotea njiani, ndipo akakaa sakafuni kando ya begi lake, akalia kwa sauti kama mtoto.

"Nimekosea, Bibi? Bado nampenda."

"Sijui, mama," nikamwambia.

Zipu ya begi ilimshinda. Nikainama taratibu, nikamfungia.