Kitu Kinachokusubiri Wewe

Haya yalimkuta rafiki yangu Jofrey, chuoni kwao Tunduma. Walikuwa wanashindana kusaka vitu na kuvipiga picha kwa simu, na picha ya mwisho kwenye orodha ilikuwa "kitu kinachokusubiri wewe tu".

"Nenda jikoni," mwenzake Tabita akamchoma. "Si ndiko Mama Enoka alikokuwa anakuwekea ugali ukichelewa, akiubonyeza kwa dole gumba ujue ni wako?"

Jofrey akanuna. Mpishi huyo alizikwa Isansa mwezi uliopita, na Jofrey hakwenda mazikoni. Alikuwa na mechi, tena ya madarasa tu.

Akaenda. Jikoni kulikuwa na giza na mafiga yalikuwa ya baridi, lakini mwiko ulikuwa unakwangua sufuria, kwaa, kwaa. Ukanyamaza. Akawasha tochi ya simu. Mezani palikuwa na sahani iliyofunikwa. Akaifunua.

Ugali ulikuwa unafuka moshi, na alama ya dole gumba ilikuwa bado inazama.