Mwanya Kwenye Mguu wa R

Siku ya kukusanya kazi chuoni, duka la kuchapa lililo mkabala na geti halina tofauti na soko. Wanafunzi wa usanifu wa michoro husukumana mbele ya kaunta, flashi mikononi, kila mmoja akiapa kuwa ndiye aliyetangulia. Humo ndimo alimotoka Penseli akikimbia. Jina hilo alipewa na wenzake kwa kuwa hakukosa penseli kichwani, imechomekwa kwenye nywele. Hata siku hiyo, pamoja na gauni lake jipya la kijani na viatu vya kuazima, penseli ilikuwepo. Alikuwa amekumbatia karatasi yake kubwa, wino haujakauka.

Mlangoni palisimamishwa ngazi, na juu ya ngazi palikuwa na kijana mrefu mwenye ovaroli lililojaa madoa, akiandika jina la duka kwa brashi. Usicheke. Duka lina mashine tatu za kuchapa, lakini mwenye duka alichoka kuona mabango yake mwenyewe yakipauka kwa jua, akamwita fundi wa mkono.

"Dada, nishikie ngazi kidogo, inacheza."

"Nimechelewa, kaka!"

Alipopita chini yake, tone la rangi nyekundu likaanguka katikati ya karatasi.

"Mungu wangu! Umeniua!"

"Si nilikuomba ushike ngazi?" Fundi aliteremka, akaitazama ile kazi. Lilikuwa tangazo la maktaba, kitabu kilichofunguliwa, na tone limekaa kwenye ukurasa. "Usilie kwanza. Ishike vizuri." Akachukua brashi nyembamba, akalivuta lile tone mara mbili, na tone likawa utepe mwekundu wa kuwekea alama, unaning'inia kitabuni kana kwamba ulipangwa tangu mwanzo.

Mwalimu wa herufi, mama mmoja mkali mwenye miwani ya kamba, aliiangalia kazi ile hadi mwisho, kisha akagusa utepe. "Hiki ndicho kitu pekee kinachopumua hapa. Ulikifikiriaje?"

"Kilinijia tu, mwalimu," alijibu Penseli.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Alijua amesema uongo, akajiambia ni mdogo.

Jioni alipiga namba ya fundi iliyoandikwa pembeni mwa ubao wa duka.

"Halo, nani mwenzangu?"

"Yule uliyemdondoshea rangi."

"Nimedondoshea wengi. Yupi?"

"Mwenye gauni la kijani."

"Aaa! Yule mnyimi wa ngazi! Umepiga kunidai karatasi au kuniposa?"

"Kukushukuru, bwana. Punguza maneno."

"Basi kesho uje unishukuru mbele ya macho yangu. Kwa simu shukrani hupungua uzito."

Wakazoeana, na kuzoeana kukazaa mengine. Saa za mchana, vipindi vikiisha, Penseli alikwenda kwenye chumba cha kazi cha fundi, akakaa juu ya kopo la rangi lililogeuzwa na kumtazama akiandika. Alimwita fundi wangu. Naye akaitwa mnyimi wangu wa ngazi, jina lililomchekesha kila siku. Herufi za fundi zilikuwa na miili. S yake ilikuwa na kiuno, na O yake imeshiba.

"Hii R mbona mguu wake umekatika?" Penseli aliuliza siku moja. Kati ya tumbo la herufi na mguu palikuwa na mwanya wa upana wa punje ya mchele.

Fundi aliweka brashi chini. "Mama ndiye aliyenifundisha. Alivunjika kifundo cha mkono, hakikupona sawasawa. Akifika hapo mkono unamuuma, anainua brashi, anapumua, ndipo anashusha mguu. Kwa hiyo pakabaki mwanya. Mimi mkono wangu mzima, lakini nikifika hapo nami nainua. Tangu afariki, mabango yake yote mjini yameshapakwa rangi juu. Kilichobaki cha mama ni hicho. Wateja wengine wananiambia niuzibe. Nawaambia watafute fundi mwingine."

Penseli alimshika mkono, akautia busu pamoja na rangi yake. Alimpenda kweli. Msomaji, hilo usilitilie shaka, maana yanayofuata yatakujaribu.

Muhula wa mwisho wakapewa mradi wa kubuni herufi zote, toka A hadi Z. Wiki tatu Penseli alichora na kufuta. Zilinyooka zile herufi, lakini hazikuwa na damu. Simuni alikuwa na picha za mabango ya fundi. "Piga tu, mpenzi, ukajifunze," fundi mwenyewe alikuwa amemwambia. Akazitia kwenye kompyuta ili azitazame. Kutazama kukawa kufuatisha kingo, na kufikia Ijumaa ishirini na tano zilikuwa zimeshafuatishwa.

Kwenye R akasita. Ule mwanya ungemfichua kwa yeyote aliyewahi kuona mabango ya fundi. Akabofya mara moja, ukazibika.

Fomu ya mradi ilikuwa na mstari unaouliza ni nani wengine waliochangia. Aliuacha mtupu. Nitamwambia mwenyewe, alijisemea, kabla ya maonyesho ya chuo.

Akawa wa kwanza. Ofisi kubwa ya matangazo ikamwahidi kazi kwa ajili ya herufi zile. Mama yake alipiga simu akipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. "Umenitoa kimasomaso, mwanangu! Majirani wote nimewaambia!" Penseli alijibu asante mama, akakata, akaisogeza sahani yake pembeni.

"Mbona siku hizi unanijibu kwa mkato?" fundi aliuliza kwenye simu.

"Nimechoka tu, mpenzi."

"Maonyesho ni lini? Nije nikujivunie."

"Usijisumbue. Ni mambo ya wanafunzi tu."

Fundi alikuwa mtu wa mapenzi, na mtu wa mapenzi ukimkataza anadhani unamwonea huruma. Akaja. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, kucha amezisugua kwa mafuta ya taa hadi vidole vikawa vyekundu, na mkononi ameshika brashi mpya iliyofungwa kwa gazeti, zawadi. Penseli alimwona toka ng'ambo ya ukumbi, akiwa amesimama na mwalimu wake.

Fundi alizisoma herufi polepole akitabasamu. Kwenye E tabasamu likapungua. Kwenye K halikuwepo. Alipofika kwenye R aliweka kidole pale mguu ulipoungana na tumbo.

"Fundi, nilitaka kukwambia..." alisema Penseli, aliyekuwa amemfikia, mwalimu hatua chache nyuma yake.

"Ungeniomba ningekupa zote," alisema kwa sauti ya chini. "Hata mkono wenyewe ningekukatia. Lakini hapa umemziba mama yangu."

Akaiweka zawadi mezani, akaondoka.

"Ni nani yule?" mwalimu aliuliza.

Penseli akajibu, na Mungu amsamehe: "Fundi wa mabango tu."

Fundi hakuwa amefika mlangoni. Akasimama kidogo bila kugeuka, kisha akatoka.

Siku tatu simu ya fundi iliita bila kupokelewa. Ya nne ukaja ujumbe mmoja: Usinipigie. Uliyataka mabango, umeyapata. Mimi nilikuwa fundi wa mabango tu. Penseli aliusoma mpaka macho yakamwuma. Lile neno moja la mwisho lilikuwa lake mwenyewe, amerudishiwa.

Asubuhi iliyofuata alibisha ofisini kwa mwalimu.

"Mwalimu, herufi zile si zangu."

Mwalimu alivua miwani. "Unajua unachokisema? Ile ofisi itakuacha. Mradi utaurudia, muhula mzima. Wenzako watavaa majoho, wewe utakuwa unapiga makofi."

"Najua. Na utepe."

"Utepe gani tena?"

"Ule mwekundu, wa tangazo la maktaba. Nao si wangu."

"He! Wewe ukianza kutapika unatapika hadi maziwa ya mama yako!" Lakini macho yake yalilainika. "Nenda kwa mwenyewe. Hapa umekiri, huko hujakiri."

Mama yake naye aliambiwa. "Majirani nitawaambia mimi," alisema. "Wewe nenda kamtafute huyo mtoto wa watu."

Alimkuta fundi kwenye ukuta wa zahanati, juu ya ngazi, anaandika saa za wagonjwa kupokelewa. Penseli alikunjua karatasi, akainyanyua juu ya kichwa. Herufi zilikuwa zilezile, mwanya wa R umefunguliwa, na chini kabisa pameandikwa: Herufi hizi ni za mama yake fundi. Mimi nimezinakili.

Fundi alitazama kwa muda, hakuteremka.

"Nani kakwambia ufungue?"

"Hakuna."

"Kazi je?"

"Imekwenda."

"Na chuo?"

"Mpaka mwakani."

Brashi ilitulia hewani. "Na siku ile, ulivyomjibu mwalimu wako?"

"Herufi niliiba kwa tamaa. Lile neno nililisema kwa woga. Niliona haya, fundi, na haya yenyewe ilikuwa yangu, nikakuvika wewe. Kila siku nalisikia. Sina la kujitetea."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Usije ukawatangazia watu kwamba nimekusamehe."

"Sitatangaza."

Akageukia ukuta, akachovya brashi. Penseli aliikunja karatasi, akaiegemeza ukutani, akaanza kuondoka. Hatua ya tatu akasikia mbao za ngazi zikilia.

"Penseli."

"Abee."

"Unakwenda wapi na ngazi inacheza? Njoo ushike."

Alirudi mbio, akaangusha mkoba, akaikamata ngazi kwa mikono miwili. Juu yake fundi alikuwa amefika kwenye R. Penseli alimwona akiinua brashi, akipumua, kisha akaushusha mguu. Tone la rangi likamwangukia begani, kwenye lile gauni la kijani. Hakuiachia ngazi.