Homa ya Msimu wa Mavuno

Msarifu alimkatiza shahidi wa kampuni kabla hajafungua mdomo. Taa ya kijani iliyokuwa ubavuni mwa meza ya hakimu iligeuka nyekundu, na sauti tulivu ikasema, "Ushahidi huu hautabadilisha matokeo. Gharama yake imeokolewa." Shahidi, aliyeshonesha suti mpya kwa ajili ya siku hiyo, aliduwaa kizimbani mpaka akaonyeshwa mlango.

Ndivyo mahakama za bonde la mpunga zilivyokwenda tangu mpango wa majaribio uanze. Msarifu alikuwa akili bandia iliyofungwa ndani ya meza. Alisoma majalada yote, akatabiri mwisho wa kila kesi, akawapimia watu muda wa kusema. Kila dakika ilikuwa na bei yake, na bei hiyo aliilipa aliyeshindwa. Tuseme kweli, mambo yalinyooka. Kesi ambazo baba alimwachia mwana sasa ziliisha kabla chai haijapoa, na mawakili walioneemeka kwa kupiga kesi kalenda wakaanza kufuga kuku. Hakimu Atupele Mwakibete aliyakubali hayo yote. Ila alikuwa amechoka, uchovu ule usioondoka hata ukilala siku nzima.

Mbele yake sasa alikuwa Mzee Ambakisye, mkulima, anayedaiwa shamba na kampuni iliyonunua nusu ya bonde. Sheria ilikuwa upande wa kampuni. Marehemu kaka yake aliliuza shamba lile, na sahihi zilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa mpunga. Ulishainama kwa kuiva, umebakiza siku chache tu uvunwe, na anayekabidhi shamba hukabidhi na kilichomo. Hukumu ikisomwa leo, mzee angerudi kwenye nyumba isiyo na chakula cha mwaka mzima.

"Naahirisha kesi hadi mwezi ujao," alisema Atupele.

"Sababu?" aliuliza Msarifu.

"Naumwa. Homa."

"Pole, mheshimiwa. Safari hii haina shida. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba huugua kila mwaka mpunga unapoiva, kwa hiyo nimewekewa utaratibu. Hakimu akiugua, hukumu naisoma mwenyewe. Unaweza kwenda kupumzika."

Homa ile ilimpata Atupele kila msimu tangu alipoapishwa, na haikuwahi kumlaza hata siku moja. Aliiandika ili watu wavune kwanza, ndipo wanyang'anywe. Wakubwa wake wasingeikubali sababu ya kweli, na hakuwa na nguvu ya kubishana nao. Hakudhani kuna siku mtu atayasoma majalada yale yote kwa mkupuo.

"Basi siumwi," alisema taratibu. "Wala sikuwa naumwa miaka ile. Andika ukweli. Naahirisha kwa sababu mpunga umeiva."

Msarifu alijibu. "Kazi hii nimejifunza kwenye majalada yenu. Nimetafuta, na hakuna hakimu aliyewahi kuahirisha kesi kwa ajili ya mavuno. Lingekuwapo jalada moja linalosema hivyo, ningelifuata. Ombi limekataliwa. Utasoma wewe, au nisome mimi?"

Jalada moja. Atupele alikuwa na majalada kabati zima, na yote yalisema homa. Ilimuuma kuliko alivyotarajia kuumia katika umri wake.

"Nitasoma mimi," alisema.

Mzee Ambakisye aliinua mkono, kofia ikiwa kwapani. "Ndaga, mheshimiwa. Nashukuru. Kumbe hukuwa unaumwa. Sisi kule kanisani tulikuwa tunakuombea kila msimu. Tunamwambia Mungu, mponye hakimu wetu. Naona tuliomba vibaya."

Hakuna aliyecheka. Taa ilianza kuwaka na kuzima, maana dakika zilikuwa zinakwenda, na kila moja ilikuwa ikiongezwa kwenye gharama za mshindwa. Atupele alitaka kumpa pole. Alitaka kumweleza, au amtazame tu usoni kama mtu anavyomtazama mwenzake. Yote hayo yalikuwa na bei, na mlipaji alikuwa mzee yuleyule. Akavaa miwani, akaisoma hukumu mbiombio bila kunyanyua macho, kwa kuwa huruma pekee aliyobakiwa nayo ilikuwa kumaliza upesi.