Friji Iliyokuwa Iking'ata

Ndugu zangu wenye nyumba na wapangaji, sikilizeni kisa cha mjane mmoja aliyependwa na wapangaji wake. Asubuhi ukumbi wake ulinukia sabuni, cherehani ya mpangaji wa chumba cha kwanza ikilia, naye mjane amempakata mtoto wa yule mshonaji kama mjukuu wake wa damu. Kodi yake haikuwa ya kuumiza, na kila mpangaji alitumia friji kubwa iliyosimama ukumbini. Marehemu mumewe ndiye aliyeinunua.

Ikafika siku friji ikaanza kung'ata. Ukishika mpini, mkono unakufa ganzi hadi kwenye kiwiko.

"Mama, mwite fundi aipime," mshonaji alimwambia. "Leo imenirusha."

"Mwanangu, hata ng'ombe wa maziwa hupiga teke," mjane alijibu, wote wakacheka. "Mzee aliinunua kwa jasho lake. Fundi akishaifungua, ndiyo basi tena."

Akanunua ndara za mpira, akaziweka mbele ya friji. Anayetaka kufungua, avae kwanza. Wapangaji wakazoea, wakaziita viatu vya ikulu. Ona, msomaji, jinsi mazoea yanavyoikaribisha hatari ndani na kuipa kiti.

Kisha akaja mdogo wake mshonaji, binti mpole, kumsaidia dada yake kulea. Hakutaka kula bure. Dada alipotoka kumpelekea mteja nguo, binti alipiga deki ukumbi mzima. Akaziona ndara zimekaa njiani, akaziosha, akazianika uani.

Mjane alikuwa mlangoni akichambua mboga. Alimwona, akawaza: huyu amelelewa. Alitaka kumweleza habari ya friji, lakini jirani akamsalimia, mazungumzo yakakolea. Ndani mtoto akalia. Binti akaenda kumchukulia maziwa, pekupeku, sakafu bado mbichi.

Mjane alisikia kishindo kimoja tu. Akakimbia, akazima swichi ya ukutani. Binti alikuwa amekwisha kukata roho.

Msibani mjane alimshika mshonaji mkono. "Ni mipango ya Mungu, mwanangu."

"Mama, sisi tulikwambia," mshonaji alijibu polepole.

Baada ya maziko mshonaji alihama. Mtoto alitoka amebebwa mgongoni mwa mama yake, akimnyooshea mjane mikono.

Ndipo fundi alipoitwa. Alikuta waya mmoja umekatika, ule unaoupeleka ardhini umeme unaovuja. Akauunga, akapima, akapima tena. Chai aliyowekewa ilikuwa bado moto.

"Umemaliza?" mjane aliuliza.

"Nimemaliza, mama."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Mjane akakaa chini, pale pale sakafuni.

FUNZO

Mwenye nyumba, kifaa cha umeme unachompa mpangaji ni dhamana yako, kama vile pasi na mashine za kazini zilivyo dhamana ya mwajiri. Kipimwe na fundi anayejua kabla hujakikabidhi, na kipimwe tena kila baada ya muda, hata kama hakijalalamikiwa. Kikimshtua mtu, kichomolewe saa hiyo hiyo. Kuwafundisha watu kuikwepa hatari si kuiondoa, kwa maana mgeni hayajui mazoea ya nyumba yako. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Umeme, ndugu zangu, haukuachii hata ukuta wa kujenga.