Mtu wa Nyuma ya Rosaire

Jumamosi ile pale stesheni hapakuwa na pa kukanyaga. Nasema stesheni kwa mazoea tu, treni siku hizi hakuna. Reli waling'oa, ikabaki njia yetu ya pikipiki za theluji, na jengo likawa mgahawa wa maharage na supu ya kuku. Basi mjukuu wangu Odile anatoka nje, kavaa suruali yake nyekundu ya baridi, mdomo bado unatafuna, anakuta mwanamume wa koti la rangi ya chungwa kaikalia pikipiki yake, anahangaika na ufunguo.

"Kaka, hiyo haitawaka."

"Itawaka tu. Ina kiburi, naijua."

"Unaijuaje, na ni yangu? Yako si ile pale, yenye kiti kilichochanika?"

Jamaa akashuka, masikio mekundu. Ndiye Rosaire Nadeau, fundi wa mashine za kuvunia viazi, anakaa mji wa chini kidogo ya wetu. Alitaka kuomba radhi, akaishia kuomba namba ya simu.

Simu zikaanza jioni hiyohiyo. Nyumba yetu ndogo, na simu Odile huiweka spika, mimi nilisikia kila kitu. Odile anamuuliza kama leo amekalia pikipiki ya nani, yeye anamwita "dereva wangu", maana Odile ndiye aliyekuwa anaendesha trekta la klabu ya pikipiki za theluji, lile la kusawazisha theluji njiani. Kwamba mkewe Lorraine alifariki, Rosaire alisema mara moja tu. Odile hakumchimba.

Mwezi wa pili akasema anakuja kwetu kula, anijue na mimi.

Sasa huku, mkipishana njiani unainua mkono. Vidole ni hesabu ya walio nyuma yako. Wa mwisho anakunja ngumi, yaani hakuna mwingine. Hata mtoto anajua. Siku yenyewe ya kuja, Odile yuko ndani ya trekta, kajibanza pembeni, koti la chungwa likapita mbio kwenye vumbi la theluji, likainua kidole kimoja. Odile akamjua Rosaire. Huyo wa nyuma ni nani? Akangoja amwone. Hakuja mtu. Akangoja tena. Na pale njia inafuata ukingo wa mto, ng'ambo ni Kanada, na barafu yake si ya kuiamini.

Simu haishiki pale, akaita kwa redio ya klabu, ile inayosikika mgahawani. Akasema aliyetangulia kavaa koti la chungwa, na makoti hayo huku ni mengi. Jina hakulitaja.

Mgahawani watu tuliacha sahani. Rosaire alikuwa amepitia pale kuninunulia pai ya nyama, naye akaiacha, akatoka na sisi hata hajauliza ni nani. Akateremka ukingoni, theluji mpaka kifuani, anaita kwa sauti kuliko wote. Baadaye ndipo akamuuliza jirani yangu, "Hivi tunamtafuta nani?"

"Wa nyuma ya yule wa koti la chungwa."

Rosaire akajitazama kifua.

Mwingine angelivua lile koti kimyakimya. Yeye alipanda hadi njiani, akavua helmeti mbele ya watu wote.

"Rudini, jamani. Hakuna mtu mtoni. Koti ni langu. Lorraine alikuwa anakuja nyuma yangu siku zote, na mkono haujaacha kumhesabu."

Hakuna aliyemgombeza. Tulikaa chini kwenye theluji, mmoja akacheka huku anafuta macho, tukamshukuru Mungu. Isipokuwa Odile. Alikuwa amelowa mpaka magotini. Alimtazama, akapanda trekta lake, akaondoka. Tangu hapo simu za Rosaire zililia mezani mpaka zikachoka.

Theluji ikayeyuka, tope likaja, tope likakauka. Mwezi wa tano njia ikafunguliwa, watu wakatoa pikipiki za magurudumu manne, na simu ikalia, Odile akaipokea. Mimi namenya viazi.

"Rosaire, siku ile nilidhani huyo wa nyuma yako ni mwanamke. Namwita mtoni, huku moyoni namchukia. Kumbe ni marehemu. Niliona aibu hata kukutazama."

"Mimi nikadhani umenikinai."

"Sijakukinai, mpumbavu wewe. Ila niambie, mimi nitakaa wapi? Nyuma yako, pale pake? Siwezi."

Rosaire akaomba apewe mpaka Jumapili.

Jumapili tumetoka kanisani, uani kunanguruma. Rosaire huyo, kanyoa, shati jeupe lina madoa ya tope, kaja na kigari cha porini, kile cha usukani.

"Nimebadilishana na pikipiki zangu zote," akasema. "Viti viwili, sambamba. Hakuna wa mbele, hakuna wa nyuma." Akamgeukia. "Odile, utaolewa na mimi?"

Odile akakizunguka polepole kama mtu anayenunua ng'ombe. Mimi nimeshika mlango.

"Sogea," akamwambia. "Huko kwenye usukani ni kwangu."

Rosaire akahamia kiti cha pili upesi, akafunga mkanda. Wakaondoka bila kula, wakaifuata njia ya reli. Nikarudi jikoni, nikala chapati zote peke yangu, na sikumbuki chakula kilichoshuka vizuri kama kile.