Walimfungia Mume Wangu Nyumba Aliyowapa

Nina miaka arobaini na tisa, ni mjane, ni mkimbizi kutoka Kivu ya Kusini. Ninawaandikia nikiwa na hasira, ndugu wasomaji, na sitaificha!

Vita vya mwaka 1996 vilinitupa katika kambi ya Nakivale, Uganda, nikiwa mikono mitupu. Baadaye nikaolewa na Byarugaba, koplo mstaafu wa jeshi la Uganda, aliyefuga ng'ombe karibu na kambi. Mguu wake mmoja aliuacha vitani, akimbeba rafiki yake Mugisha aliyepigwa risasi. Likumbukeni jina hilo...

Wastaafu wa jeshi wa senta yetu, kijiji cha maduka kando ya kambi, hawakuwa na mahali pa kukutana. Walikaa barazani kwa muuza maziwa, wateja wakijaa wanafukuzwa. Mume wangu akakata kipande cha shamba lake la matoke, akawapa wajenge. Mugisha akachaguliwa mwenyekiti. Na matofali aliyafyatua nani? Sisi wake zao! Nilikanyaga udongo ule nikiwa na mimba ya binti yangu Neema. Nyumba ikasimama, watu wakaiita Posti.

Sitasema uongo, ilikuwa nyumba njema. Wanaume waliopiga kelele usingizini na kuwapiga wake zao walikwenda pale, wakazungumza, wakalia, wakarudi wametulia. Mwenzao akifa, mwili ulilazwa ndani, wakauimbia, kisha wakaubeba wenyewe hadi kaburini. Mume wangu aliniambia mara nyingi: "Mama Neema, mimi nikikufa, weka mimi kwa Posti kwanza. Hao ndio ndugu yangu."

Mwaka 2011 ugonjwa wa sukari ukamwangusha. Tulikaa sana hospitalini Mbarara, na hakuna rafiki aliyekuja. Akafa nimemshika mkono.

Nikarudi na jeneza nyuma ya pikapu ya maziwa. Posti ilikuwa na kufuli jipya! Mugisha ameketi mlangoni, miguu yake yote miwili ameinyoosha...

"Afande, utufungulie," nikamwambia. "Tumemuleta ndugu yenu."

Hakusimama hata! "Hii nyumba ni ya askari ya Uganda na familia yao. Wewe ni mkimbizi. Peleka yeye kambini kwenu."

Familia yao! Na mimi ni nani? Na Neema aliyesimama kando yangu? Wastaafu wengine walikuwa pale, wanaume waliokula ugali wangu miaka yote. Wakainamisha vichwa. Hakuna aliyefungua mdomo!

Nikachungulia dirishani. Mabenchi hayakuwepo. Makreti ya bia yalikuwa yamepangwa hadi juu! Kumbe wakati mume wangu anakata roho, rafiki yake alikuwa ameigeuza Posti stoo ya baa yake. Angeufunguaje mlango?

Mnadhani nililia? Nilipiga yowe! Wanawake tuliokanyaga udongo pamoja wakatoka majumbani mbio. Mama Kyomuhendo, mke wa mstaafu mmoja, akaja na jembe. Akamwambia Mugisha, "Toka hapo, mzee, nisikuumize." Akapiga kufuli hadi likafunguka. Tukatoa makreti yote, tukayaweka barabarani, tukamlaza mume wangu ndani. Waumini wa kanisa letu wakaja kutoka Nakivale wakaimba.

Ulipofika wakati wa kumzika, wale wanaume wakasogea, kofia mikononi, eti wabebe jeneza.

"Hapana!" nikawaambia. "Leo hamumubebe. Bwana wangu atabebwa na banamuke!"

Tukambeba sisi. Jeneza lilikuwa zito, lakini hatukuliangusha.

Baadaye Mugisha aliirudisha bia yake ndani. Leo Posti ni baa, na mimi nimerudi kuishi kambini. Mchungaji ananisihi nisamehe. Sijaweza... na kwa nini niharakishe?

Dada zangu mlioolewa ugenini, nawasihi, msilewe na kuitwa shemeji, shemeji! Mume wako angali mzima, mwambie awaite rafiki zake awaulize mbele yako: nikifa, huyu ni nani kwenu? Atakayenyamaza, mjue mapema.