Chakula cha Umuhire cha Saa Sita

Dative alikuwa akitwanga sombe uani. Majani ya muhogo yalikuwa bado magumu. Aliinua mchi, akaita, "Umuhire! Leta chumvi!"

Chumvi haikuja. Akachungulia ndani. Binti yake wa miaka tisa alikuwa amelala mkekani, mchana kweupe.

"Uvivu gani huu?" Dative akanung'unika.

Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona. Zamani Umuhire alikula saa sita shuleni, kwenye kantini. Sasa alikula mara moja tu, jioni, baba yake Anastase akisharudi na chukudu yake, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Mizigo ya kusukuma nayo ilikuwa imepungua.

Jirani yao Joviale akapita na mfuko wa unga kichwani.

"Mama Umuhire, hauendi shuleni? Wanagawa chakula cha batoto wa kantini!"

Dative akaacha mchi ndani ya kinu. Akaenda moja kwa moja kwa Mama Christa, wa komite ya wazazi.

"Mama Christa, mulinisahau?"

"Nilipita kwako kukuarifu, ulikuwa sokoni. Nikamuuliza Umuhire kama munakula saa sita. Akaweka mikono nyuma, akasema, 'Aksanti mama, tumeshiba.' Nikaona kwenu hakuna shida, nikaendelea."

Dative akashika mdomo.

"Ni miye nilimufundisha! Kwetu mutoto wa adabu hakubali chakula kwa watu. Hata akisikia harufu ya nyama, anasema ameshiba."

"Basi ulifundisha sana!" Mama Christa akacheka.

Dative hakucheka. "Analala mchana. Nilifikiri ni uvivu, kumbe ni njaa. Sasa tumechelewa?"

Mama Christa akamsogezea kiti.

"Hapana. Kosa ni langu pia, niliuliza mutoto pahali pa kuuliza mama. Sikia. Hiki si chakula cha jirani. Ni kile wangempikia kantini kama shule ingekuwa wazi. Kila mutoto wa kantini iko na sehemu yake, baba awe na kazi ao hana. Muzazi akikosa siku ya kwanza, anakuja kuuliza."

"Natoa nini?"

"Hautoi kitu. Mutu akikuomba makuta, hata franka moja, ukatae, uniambie. Kesho asubuhi kuja na Umuhire, mwalimu wake anamujua. Mulete mfuko na chupa tupu ya kuwekea mafuta. Muvae barakoa, munawe mikono, musimame mbalimbali."

Jioni Anastase aliposikia, alikunja uso.

"Watu watasema nimeshindwa kulisha mutoto wangu."

"Papa Umuhire, alipokuwa anakula kantini, uliona haya?"

Anastase akafikiri kidogo. Kisha akatabasamu. "Hapana. Basi tutaenda na chukudu. Unga usikuvunje shingo."

Kesho yake walirudi na unga, maharagi na mafuta. Saa sita Dative alipakua bugali. Umuhire akaitazama sahani, hakuigusa.

"Mama, na jioni tutakula nini?"

"Jioni pia kiko. Kula, mutoto wangu."

Umuhire alikula mpaka sahani ikang'aa. Baada ya siku chache hakulala tena mchana. Aliruka kamba, akaimba, akauliza maswali bila kupumua.

"Kumbe njaa ndiyo ilikuwa inatuachia kimya!" Anastase akamtania, akamvuta karibu.

Dative akarudi kwa Mama Christa. "Kwenye avenyu yetu kuna mama wengine wanaofundisha kama miye. Twende wote. Tusiulize batoto kama wameshiba. Tuulize mama wamepika nini, na saa ngapi."

Alasiri hiyo wakaanza. Katika nyumba ya kwanza mama mmoja alisema polepole, "Nilifikiri chakula hicho ni cha watu wa kambi ya wakimbizi tu." Dative akakaa naye kwenye jiwe la mlangoni, akamweleza yote, bila haraka. Wakaendelea nyumba kwa nyumba.

Giza likaanza kuingia, na upande wa pili wa avenyu ulikuwa bado.

"Tumalizie kesho," Mama Christa akasema. "Saa sita nitakupitia."

"Kesho ndiyo, lakini si saa sita," Dative akajibu. "Saa sita niko na mutu wangu wa kulisha."